Kuvumwani na Matandiko Yake

Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliotembelea vitalu vya miche upande wa magharibi wa Nairobi



Tunajua wengine wenu mmetoka nyumbani kabla ya jogoo kuwika ili mfike hapa mapema. Kabla hatujazunguka kitalu, au nasari kama wengi tunavyoita, tumeombwa tuseme machache kuhusu mmea ambao wengi wetu huukwangua kwa jembe na kuutupa. Mmea huo ni kuvumwani: ule utandu laini wa kijani unaoota juu ya mawe yenye unyevu, kwenye magome ya miti, na chini ya tangi la maji linalovuja.

Mtu atauliza, hivi tumeacha mahindi na maharagwe tuje kuzungumza juu ya utandu? Sababu zetu ni tatu. Ya kwanza, kuvumwani ina watumiaji mjini: watengenezaji wa vikapu vya maua vya kuning'iniza, wapambaji, na wale wanaofuga maua ya okidi. Ya pili, mmea huu huingia kwenye miche yetu bila kualikwa na kutuletea hasara. Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Mahali ambapo kitu kinatakiwa na hakuna anayekiotesha, watu huchukua gunia na kwenda msituni. Na msitu ukivuliwa nguo zake, anayelia mwishoni ni mwenye shamba aliye chini ya mto.

Mambo hayo matatu yote yanarudi kwenye swali moja: kuvumwani imekalia nini? Kile ilichokalia, kiwe udongo, jiwe, gome au mbao, leo tutakiita matandiko yake.

Mmea usio na mizizi

Tuanze na umbile lake, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Hindi huteremsha mizizi chini, likatafuta maji na chakula. Kuvumwani haina mizizi ya namna hiyo. Ina vinyweleo vidogo tu vya kushikilia pale ilipo, kama vile mtu anavyoshikilia bomba la juu ndani ya basi asianguke. Maji huyanywa kwa majani yake, kutoka kwenye mvua, umande na ukungu. Jua likiwaka inakauka, inajikunja, unadhani imekufa. Mvua ikinyesha, baada ya muda mfupi imekuwa kijani tena.

Sasa, ikiwa haina mizizi, matandiko yana kazi gani? Yana kazi nne. Kwanza, kushika unyevu pale juu kabisa, maana chini ya hapo kuvumwani haifiki. Pili, kutulia. Udongo unaomomonyoka au kupasuka huichana kabla haijashika. Tatu, kuwa na ladha inayoifaa, yaani uchachu au chokaa, kwa sababu aina nyingi za msituni hupenda uchachu na aina nyingi za ukutani huvumilia chokaa. Nne, kutokuwa na mbolea nyingi. Jambo hili la nne huwashangaza wakulima, lakini ndivyo lilivyo: ukiweka samadi unaalika nyasi na ukoga, na wote wawili hukua haraka kuliko kuvumwani.

Duniani kuna aina zaidi ya 10,000 za kuvumwani, na kila moja ina mahali pake. Basi ukisema "nataka kuotesha kuvumwani" bila kusema ni ya wapi, ni kama kusema unataka kufuga mnyama bila kusema ni kuku au ni ng'ombe.

Jiji lenyewe ni darasa

Huna haja ya kitabu ili kujifunza hili. Tembea kutoka katikati ya jiji kuja huku magharibi, na utazame chini.

Katikati ya jiji, kwenye nyufa za vijia vya mawe vinavyokanyagwa na maelfu ya watu, kuna kuvumwani fupi yenye rangi kama ya fedha. Wataalamu huiita Bryum argenteum. Ni mkazi wa miji ya dunia nzima, na hata kule Antaktika ipo. Hii inavumilia vumbi, moshi, jua na saruji iliyozeeka. Ukiihamishia kwenye kivuli kizito cha msitu, haitakushukuru.

Tazama kuta za zamani za jiwe la kijivu la kuchonga, lile linalojengewa nyumba nyingi za Nairobi. Jiwe hilo lilitokana na majivu ya volkeno, lina vitundu vidogo, linakunywa maji na kuyatoa polepole. Utaona upande mmoja wa ukuta una kijani na mwingine hauna. Hapa kwetu, kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini unabaki kivulini wakati wa mvua za masika na wakati wa baridi ya Juni hadi Agosti. Huko ndiko kuvumwani inakopata nafuu.

Ukizidi kuja magharibi, nchi inapanda. Katikati ya jiji ni zaidi kidogo ya mita 1,600 juu ya bahari. Dagoretti Corner, palipo na makao makuu ya idara ya hali ya hewa, ni karibu mita 1,800. Mvua inaongezeka, asubuhi zina mawingu, na udongo ni ule mwekundu. Kwenye kingo zilizokatwa za barabara na mitaro yenye kivuli utaona kuvumwani ya udongoni.

Na mahali palipochomwa makaa au takataka, baada ya miezi michache ya mvua, mara nyingi hutokea kuvumwani yenye vijiti virefu vyembamba na vichwa vilivyoinama. Hiyo huitwa Funaria hygrometrica. Inapenda majivu. Miaka inapopita na majivu yakioshwa na mvua, nayo inaondoka. Mnaona? Matandiko yakibadilika, mkazi anahama.

Matandiko moja baada ya jingine

Sasa tuje kwenye vitu ambavyo kikundi kinaweza kuvipata.

Udongo mwekundu. Huu wa Dagoretti, Karen na Kikuyu ni mzuri kwa kuvumwani ya udongoni. Ni laini, una uchachu kidogo, na ukishindiliwa unashika unyevu juu. Uchekeche, kisha umwagie maji yanayochemka ili kuua mbegu za magugu. Ushindilie kwa ubao mpaka uwe tambarare. Usichanganye na samadi.

Udongo mweusi unaonata. Ni ule wa nyanda za kuelekea Athi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyufa zake huichana kuvumwani vipande vipande. Tunashauri msiutumie peke yake.

Mchanga. Maji hupita haraka mno, na chembe zake husogea. Unafaa kuchanganywa na udongo mwekundu kidogo kwa aina za kwenye nyufa, lakini peke yake utakuchosha kwa kumwagilia.

Mawe mepesi ya volkeno. Haya hutoka Bonde la Ufa na huelea majini kwa sababu ya vitundu vyake. Yakipondwa na kuwekwa chini ya treya, yanahifadhi maji bila kufanya tope. Juu yake weka tabaka jembamba la udongo mwekundu.

Makumbi ya nazi yaliyosagwa. Hutoka pwani. Yanashika maji vizuri sana, lakini mara nyingi yana chumvi. Yaloweke na kuyasuuza kwa maji safi mara tatu au nne kabla ya kuyatumia. Kumbuka pia kuyashindilia, maana ni mepesi.

Vumbi la mbao. Mafundi wa fanicha wa kando ya Ngong Road wanalo kwa wingi. Likiwa bichi linaota kuvu na kushuka chini kila wiki, na kuvumwani haitulii. Tena mbao nyingine zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na dawa hiyo ni sumu. Afadhali gogo kuukuu lililooza lenyewe shambani. Hilo ni matandiko mazuri kwa aina zinazopenda mbao.

Gome la mti. Kuvumwani iliyotoka kwenye shina la mti hupenda kurudi kwenye gome. Chukua gome la mti uliokwisha kuanguka, lenye mikwaruzo inayoshika maji, ulifunge kwenye ubao. Ukiilaza aina hii juu ya udongo, mara nyingi inageuka rangi ya kahawia na kuoza kutoka chini.

Jiwe na saruji. Jiwe la kuchonga lililozeeka ni zuri. Saruji mpya ni kali kama magadi, na karibu hakuna kinachoota juu yake mpaka inyeshewe kwa miaka. Anayetaka kuvumwani ya ukutani aanze na kipande cha ukuta wa zamani, asianze na tofali la jana.

Kuna aina moja ambayo wengi huiulizia: kuvumwani ya kinamasi, yaani Sphagnum. Hiyo inaweza kushika maji hadi mara 20 ya uzito wake ikiwa kavu, na katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliitumia kufungia majeraha ya askari. Hapa Kenya huota kwenye vinamasi vya juu vya milima kama Aberdare na Mlima Kenya. Inataka maji yenye uchachu, yasiyo na madini, kila siku ya mwaka. Kwenye treya ya udongo mwekundu haitafaulu. Na ile mboji inayotokana nayo huongezeka kama milimita 1 tu kwa mwaka. Sentimita 30 ni kazi ya miaka 300. Kitu cha namna hiyo kikichimbwa, mchimbaji hatakiona kikirudi, wala mjukuu wake.

Maji na kivuli

Matandiko mazuri yanaweza kuharibiwa na maji mabaya. Maji ya mvua ndiyo bora, kwa hiyo weka pipa chini ya mabati. Visima vingi virefu vya Nairobi vina maji yenye magadi na floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Kuvumwani ikinyweshwa maji hayo, maji yanapaa hewani na chumvi inabaki juu ya majani. Siku nyingi zikipita inakuwa na weupe kama wa unga, kisha inakufa. Na msilaumu udongo kabla ya kuchunguza mtungi.

Kivuli kiwe cha kati. Chini ya mti wenye majani mepesi au chini ya neti ya kivuli panatosha. Kiangazi cha Januari na Februari ndicho kigumu. Anza mwanzo wa mvua, Machi au Oktoba, ili mmea ushike kabla ya jua kali.

Jinsi ya kupanda, na jinsi ya kupima

Mbegu ya kuanzia si lazima itoke mbali. Angalia ukuta wako, paa la choo, msingi wa tangi, au omba ruhusa kwa jirani. Kipande cha ukubwa wa kiganja hutosha kuanzisha treya ndogo. Kikaushe kivulini, kisha ukisugue kwa mikono mpaka kiwe vipande vidogo. Kila kipande kinaweza kuwa mmea mpya. Lowesha matandiko, nyunyiza vipande, kandamiza kwa ubao, funika kwa kitambaa chepesi ili ndege na upepo visivichukue. Nyunyiza maji mepesi asubuhi na jioni kwa wiki za mwanzo.

Mtasikia watu wakisema tia maziwa mala au uji. Maziwa wapeni watoto. Yakimwagwa juu ya treya yanavuta kuvu.

Sasa, badala ya kutuamini sisi, jipimieni wenyewe. Chukueni makarai kuukuu matano yaliyotobolewa chini. La kwanza litieni udongo mwekundu, la pili mchanga, la tatu makumbi yaliyosuuzwa, la nne gome, la tano udongo mwekundu uliochanganywa na samadi. Tumieni kuvumwani ya mahali pamoja, kiasi kile kile, kivuli kimoja, maji ya aina moja. Msibadilishe kitu kingine chochote, ama sivyo hamtajua ni kipi kilicholeta tofauti. Mmoja wenu mwenye mwandiko mzuri aandike kila Jumamosi: rangi, magugu, kuvu, na sehemu iliyofunikwa. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na jibu la kijiji chenu, ambalo linaweza kuwa tofauti na la Dagoretti.

Hapo lazima tuseme ukweli. Mmea huu hauna haraka. Kufunika treya nzima kunaweza kuchukua miezi sita, mwaka au zaidi. Anayetaka pesa ya ada ya muhula ujao apande sukuma wiki.

Inapokuwa adui

Kwenye vikopo na mifuko ya miche, kuvumwani ni barua. Inakuambia kwamba juu ya udongo pana maji siku zote, udongo umeshikana, na kivuli kimezidi. Ikiwa utandu umekuwa mzito, maji huteleza pembeni na mche unakaa na kiu ingawa unaumwagilia kila siku. Kuukwangua peke yake hakusaidii, utarudi. Badilisha matandiko: ongeza mchanga mnene kwenye mchanganyiko, weka kokoto ndogo kama sentimita 1 juu, inua miche isikae chini kwenye tope, na mwagilia asubuhi kwa wingi badala ya kidogo kidogo mara nyingi. Vikundi vingi vya akina mama vilivyoanza vitalu vya miti tangu Green Belt Movement ilipoanzishwa mwaka 1977 vilitumia vikopo vilivyookotwa. Anayetumia vikopo leo akumbuke kuvitoboa chini, maana kikopo kisichotobolewa ni kidimbwi, na kidimbwi ni shamba la kuvumwani.

Msitu na gunia

Tumalizie na lile zito. Maji mengi yanayonywewa Nairobi hutoka milima ya Aberdare, kupitia mabwawa kama Sasumua na Ndakaini, ambalo lilikamilika mwaka 1994. Huko juu, miti imevaa kuvumwani kuanzia shina hadi matawi. Ukungu unapopita, kuvumwani inaukamata. Mvua kubwa inapopiga, inaimeza na kuitoa polepole, tone kwa tone, hadi kwenye udongo na vijito. Mtu akibandua gunia moja anaona amechukua kitu kidogo. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Gome lililobanduliwa hukaa uchi kwa miaka.

Tena kuna sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inakataza kutoa mazao ya msitu wa umma bila kibali, na mazao hayo si miti tu. Udongo, mawe na mimea midogo vyote vimo. Ile tabia ya kujaza gunia la udongo wa msitu kwa ajili ya kitalu, tuiache. Tunaweza kutengeneza mboji yetu nyumbani.

Kikundi kinachofikiria kuuza kisianze kwa kupanda. Kianze kwa kuuliza. Tumeni wajumbe wawili kwa wauza maua wa City Market pale Muindi Mbingu Street, na kwa wenye vitalu vya kando ya Ngong Road. Waulize: mnataka aina gani, ya udongoni au ya gome? Mbichi au kavu? Iliyoshikana kama mkeka au iliyolegea? Kiasi gani, na mara ngapi kwa mwaka? Nauli ni ya nani? Na mnunuzi akisema ataichukua hata ikitoka msituni, huyo muageni kwa heshima. Kisha fanyeni hesabu. Ikiwa treya tano hazijawalipa hata maji na neti, msiongeze ya sita.

Ndugu zetu, mwenda pole hajikwai. Angalieni kwanza mmea umekalia nini, ndipo mtengeneze kitanda chake. Anayefanya hivyo kwa kuvumwani atajikuta anafanya hivyo kwa kahawa, kwa miti na kwa mboga. Basi twendeni sasa tuzitazame treya, na muulize bila haya.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Katika kijiji chetu kuvumwani huota wapi, na mahali hapo pana matandiko gani?

2. Je, vikopo vyetu vya miche vina utandu wa kijani juu? Tutabadilisha nini katika udongo na katika umwagiliaji?

3. Udongo wa kitalu chetu hutoka wapi? Kama hutoka msituni, tutatengeneza mboji yetu lini, na nani atasimamia?

4. Ni nani kati yetu atakayeweka daftari la makarai matano, na tutakutana tarehe gani kusoma majibu?